Jinsi ya kuwaandaa majirani Walatino kutetea haki zao, ukianzia mlangoni

Usianze na mkutano. Watu wetu wengi wakiguswa na yanayowapata Walatino, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, hapa Marekani hukimbilia kukodi ukumbi, kuchapa vipeperushi na kumwita mwanasheria. Siku ikifika viti vinabaki vitupu na lawama zinaanza: hawa watu waoga, hawataki kusaidiwa. Si uoga. Hakuna anayewafahamu, na wao hawamfahamu aliyewaita. Siku hizi gari geni lenye vioo vyeusi likisimama barabarani, mtaa mzima unafunga mapazia. Nani ataingia ukumbini kwa ajili ya kipeperushi?

Ninaishi kusini-magharibi mwa Chicago na nasafisha ofisi usiku. Kihispania changu nimekiokota kazini, kwa akina mama wa Guerrero na Michoacán, majimbo ya Meksiko, ambao walinifundisha kwanza majina ya dawa za sakafu, kisha majina ya watoto wao. Kazi hii ya kuandaa watu nimeifanya nao kwa miaka, kwenye vyumba vya chini ya nyumba, kwenye kumbi za parokia na kwenye korido za baraza la jiji. Nakuandikia wewe unayezungumza Kiswahili, unayeishi huku, mwenye jirani au mfanyakazi mwenzako Mlatino, na unayetaka kufanya jambo litakalodumu. Mengi ni ya Illinois kwa kuwa ndiko ninakokujua. Ukiwa Texas au Florida, sheria za jimbo ni nyingine kabisa na itabidi uulizie huko huko.

Jua unakwenda kwa nani

Hakuna Mlatino wa jumla. Mtu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani kwa sheria ya 1917 na hafukuzwi nchini, lakini mke wake wa Honduras anaweza kufukuzwa. Kijana wa DACA, mpango uliotangazwa Juni 2012 kwa walioletwa nchini wakiwa watoto bila makaratasi, hupewa kibali cha miaka 2, kisha anaomba tena akiwa na wasiwasi kama safari hii kitatoka. Mvenezuela aliyefika juzi ana kesi ya hifadhi mahakamani. Mzee wa Zacatecas ana grini kadi, watoto wake ni raia, na mdogo wake anayelala chumba cha pili hana makaratasi yoyote. Wote hao unaweza kuwakuta kwenye meza moja ya chakula, na neno lolote utakalosema litawafikia kwa namna tofauti.

Halafu si wote wanaozungumza Kihispania vizuri. Watu wengi wa Guatemala lugha yao ya nyumbani ni K'iche', Mam au Q'anjob'al. Nilikaa na mama mmoja aliyeitikia "sí, sí" kwa kila swali, na sote tukaamini tumeelewana. Alipopatikana mkalimani wa K'iche' kwenye simu, tukasikia habari nyingine kabisa: hakuwa analalamikia kodi ya nyumba, alikuwa anadaiwa na mtu aliyemleta. Kwa hiyo uliza mapema, kwa adabu, nyumbani wanazungumza lugha gani.

Tembelea mtu mmoja mmoja

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi wanaporuka. Mwaka 1952 mwandaaji aitwaye Fred Ross alimfuata kijana César Chávez katika mtaa mmoja wa San José, California, uliokuwa ukiitwa Sal Si Puedes. Alichoomba ni kikao kidogo nyumbani, na majirani waitwe. Miaka 10 baadaye Chávez na Dolores Huerta walitumia njia hiyo hiyo kujenga chama cha wafanyakazi wa mashamba wakiwa na makao yao Delano: sebule moja, kisha nyingine, kisha nyingine.

Kabla ya kwenda, ujumbe utangulie, na utoke kwa mtu anayeaminiwa na mwenye nyumba: "Jumapili baada ya misa atakuja rafiki yangu, yule Mwafrika ninayefanya naye kazi." Bila ujumbe huo usigonge. Ukifika, rudi nyuma hatua kidogo, simama mahali unapoonekana dirishani, taja jina lako kwa sauti na umtaje aliyekutuma. Usivae jaketi jeusi, usining'inize kitambulisho shingoni, usishike ubao wa kuandikia. Kugongewa mlango kumewatoa watu hawa machozi, na wewe hujui ni nyumba ipi.

Ukikaribishwa, mwite mkubwa Don au Doña kisha jina lake, na tumia usted, "wewe" ya heshima, mpaka mwenyewe akuruhusu vingine. Ukipewa kahawa, kunywa. Zima simu. Usiulize kuhusu makaratasi, hata kwa kuzunguka, hata kama unajua. Maswali ninayoyatumia ni machache. Mmefikaje mtaa huu? Wiki hii ni jambo gani limewasumbua zaidi? Ni nani mwingine linamsumbua? Mmewahi kujaribu kulifanyia nini? Swali la mwisho ndilo zuri kuliko yote, kwa kuwa karibu kila mtu amewahi kujaribu kitu. Mmoja amewahi kumwandikia mwenye nyumba barua, mwingine amewahi kukataa ovataimu isiyolipwa. Ukimsikiliza mtu akieleza alichojaribu, humtazami tena kama wa kuhurumiwa, na yeye analiona hilo.

Unatafuta mambo mawili. La kwanza ni hasira yenye jina: "wanatukata pesa ya usafiri", "mwalimu mkuu amekataa kumwandikisha mtoto". Malalamiko ya jumla kuhusu serikali hayasogezi mtu kutoka kwenye kiti. La pili ni mtu ambaye wengine humwendea. Mara nyingi siye msemaji. Kwetu hapa amekuwa mama anayeuza tamales, maandazi ya mahindi ya kupika kwa mvuke, alfajiri mbele ya kituo cha basi, kwa sababu ndiye anayejua nani ameachishwa kazi na nani hajaonekana tangu juzi. Amekuwa kocha wa ligi ya Jumapili. Amekuwa bibi anayeongoza rozari. Ukisikia jina moja likitajwa katika nyumba tatu tofauti, mfuate mwenye jina hilo.

Usiandike chochote mbele yao. Ukitoka, andika jina la kwanza, shida, na mtu aliyetajwa. Hali ya uhamiaji ya mtu usiiandike popote, si kwenye daftari, si kwenye simu, si kwenye jedwali la pamoja la kompyuta. Orodha ikipotea isiwe na cha kumdhuru mtu.

Na usiondoke bila kuomba kitu kidogo. Mtu aliyeombwa kitu anajua kwamba anahitajika. Omba akukutanishe na dada yake. Omba sebule kwa saa moja.

Kikao cha sebuleni

Watu 8 mpaka 12, si zaidi. Wakizidi hapo, mwenye aibu hafungui mdomo. Mwenyeji ndiye anayewaalika na ndiye anayefungua. Wewe kaa pembeni, karibu na mlango wa jikoni, na umesaidia kupanga viti.

Kimoja ninachokikumbuka vizuri kilifanyika chumba cha chini, majira ya baridi. Makoti yalirundikwa kitandani chumba cha pili, watoto wamewashiwa katuni kwa sauti ya chini, sufuria ya champurrado, uji mwepesi wa mahindi na chokoleti, iko jikoni. Mwenyeji alisimama na karatasi aliyoiandika mwenyewe na mkono ukimtetemeka. Akasema kwamba wakala wa vibarua anayempeleka kwenye ghala anamkata pesa ya gari kila wiki. Akakaa. Kimya. Kisha mwanamume mmoja akasema "a mí también", hata mimi. Mwingine akatoa kwenye pochi hati ya malipo iliyokunjwa mara nne, akaitandaza juu ya kitambaa cha plastiki cha mezani. Wa pembeni yake akaenda kutoa yake kwenye koti. Zikapangwa ubavu kwa ubavu, na kidole cha mwenyeji kikapita juu yake kutoka hati moja hadi nyingine, kikisimama kwenye mstari ule ule. Kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye peke yake.

Sheria ya Illinois ya vibarua wa siku inakataza wakala kumtoza mfanyakazi nauli ya kumpeleka kazini. Niliijua, lakini sikuitaja hadi zile hati zilipokuwa mezani, na hata hapo niliitaja kwa sentensi moja. Ukiianza sheria kabla ya watu hawajasikiana, kikao kinageuka darasa, nao wanarudi kuwa wanafunzi wako. Wiki iliyofuata walikwenda ofisini kwa wakala wakiwa wote pamoja, na padri wao, na nakala za hati.

Kila kikao kiishe na tarehe ya kitu kinachofuata na jina la atakayekifanya. Jina la mtu mmoja. "Tutafanya" ni ahadi isiyo na mwenyewe.

Kuchagua dai

Dai zuri lina sifa tatu: wenye shida wanalihisi mwilini, kuna mtu mmoja anayetajika kwa jina mwenye mamlaka ya kusema ndiyo, na linaweza kupatikana kabla watu hawajachoka. "Haki kwa wahamiaji wote" ni la kweli, nami naliamini, ila hakuna ofisi ya kulipeleka Jumanne asubuhi. "Shule hii iache kudai kadi ya usalama wa jamii wakati wa kuandikisha watoto" lina ofisi. Tena lina nguvu nyuma yake: Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler v. Doe, kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto elimu ya msingi na sekondari ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji.

Mfano ninaoupenda ni leseni za udereva hapa Illinois. Mtu asiye na makaratasi alikuwa akiendesha gari kwenda kazini kila siku akijua taa moja mbovu inaweza kumfikisha kizuizini. Watu wakaandaliwa kwa suala hilo moja: wakulima, wafanyakazi wa hoteli, makanisa. Polisi nao wengine wakaona ni heri barabarani kuwe na madereva waliopimwa na wenye bima. Gavana akasaini sheria ya leseni hizo Januari 2013. Leseni ile ilikuwa ya aina ya pekee, imeandikwa wazi kwamba haifai kuwa kitambulisho, na wengi walinung'unika kwamba kamati zimekubali makombo. Mimi naona zilifanya vema. Watu wakapata kitu mkononi, wakaendelea kudai, na tangu Julai 2024 wanapata leseni ya kawaida. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2017, ikapatikana Sheria ya TRUST, inayowazuia polisi wa Illinois kumshikilia mtu kwa sababu tu idara ya uhamiaji imeomba.

Linganisha na 2006. Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepitisha Desemba 2005 mswada wa H.R. 4437, ambao ungemfanya kila asiye na makaratasi kuwa mhalifu. Machi 10 watu walifurika katikati ya Chicago, Mei 1 miji mingi ya nchi ikasimama, na mswada ukafia Seneti. Yalikuwa maandamano makubwa na yaliokoa watu. Lakini yale mageuzi ya sheria yaliyotarajiwa hayakuja hadi leo. Maandamano huzuia vizuri. Kujenga kunahitaji kamati ambayo bado inakutana mwezi wa Novemba, baridi ikiwa imeanza na kamera zimeondoka.

Kwa mambo ya kazi, jua mipaka. Sheria ya mishahara ya shirikisho ya 1938 inamlinda mtu kwa kazi aliyokwisha kuifanya, awe na makaratasi au asiwe nayo. Kima cha chini cha shirikisho kimekwama kwenye dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Illinois ni dola 15 tangu Januari 2025. Sheria ya shirikisho ya mahusiano kazini ya 1935 inawalinda wafanyakazi wawili au zaidi wanaodai jambo pamoja, lakini iliwaacha nje wa mashambani na wa majumbani. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2002 katika kesi ya Hoffman Plastic, asiye na makaratasi aliyefukuzwa kwa kudai haki hawezi kulipwa mishahara ya muda aliokaa nje. Waambie watu ukweli huo kabla hawajaamua kumkabili mwajiri, si baadaye. Uamuzi ni wao kwa kuwa hatari ni yao.

Hati mlangoni, na nani asifanye nini

Wewe si mwanasheria na usijifanye. Kazi yako ni mazoezi. Tunafanya igizo: mmoja ni afisa, anagonga kwa nguvu, mwingine anajizoeza kutofungua, kuuliza "ninyi ni nani?", na kusema hati ipitishwe chini ya mlango au ionyeshwe dirishani. Watoto nao wajizoeze, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaokimbilia kufungua.

Hati ikishapita, macho yaende juu ya ukurasa kwanza, kisha chini. Hati ya mahakama ina jina la mahakama, kwa mfano United States District Court, anwani, na sahihi ya jaji. Hati ya idara ina maneno Department of Homeland Security, mara nyingi na namba ya fomu I-200 au I-205, na sahihi ni ya afisa. Kwa kanuni ambayo mahakama zimeifuata chini ya Marekebisho ya 4 ya Katiba, hiyo ya pili peke yake haimruhusu afisa kuingia ndani bila mwenyeji kukubali. Serikali ya sasa imekuwa ikiisukuma mipaka hii, kwa hiyo kabla ya kuchapa karatasi yoyote ya mafunzo, mwanasheria wa uhamiaji aipitie. Zipo kadi nyekundu za Immigrant Legal Resource Center zinazoeleza haki ya kukaa kimya na kutofungua mlango, kwa lugha nyingi, zigawe. Wafundishe pia yasiyofanywa kamwe: kudanganya, kuonyesha hati bandia, kukimbia, kusaini karatasi kabla ya kuonana na mwanasheria. Na mwenye grini kadi aliye na miaka 18 au zaidi anatakiwa na sheria kuwa nayo popote aendapo.

Tangu Januari 2025 serikali imefuta mwongozo uliokuwa ukiwazuia maafisa kufanya operesheni shuleni, makanisani na hospitalini. Kwa hiyo usimwahidi mtu kwamba ukumbi wa parokia ni salama. Wekeni watu wa zamu mlangoni, na mjue mlango wa pili uko wapi.

Kuhusu wanasheria: kwenye mahakama ya uhamiaji serikali haimpi mtu wakili wa bure. Pengo hilo limejaa matapeli. Kwenye mitaa ya Walatino utaona ofisi zilizoandikwa notario, na mtu wa Meksiko anaingia kwa imani, maana kwao notario ni mwanasheria wa ngazi ya juu. Hapa ni shahidi wa sahihi tu. Nimeona familia iliyolipa maelfu ya dola kwa ofisi ya namna hiyo, ombi likapelekwa ambalo halikustahili kupelekwa, na baba akaitwa mahakamani. Mpeleke mtu kwa wakili mwenye leseni, au kwa mwakilishi wa shirika aliyethibitishwa na Wizara ya Sheria. Akihama nyumba akiwa na kesi, fomu EOIR-33 ya kubadilisha anwani iwafikie mahakamani ndani ya siku 5 za kazi, la sivyo barua ya wito itakwenda anwani ya zamani na jaji anaweza kuamuru afukuzwe bila yeye kuwepo.

Sasa wewe mwenyewe. Kama hujawa raia, una kesi ya hifadhi au hata grini kadi, usijitolee kwenye kitendo ambacho watu wamepanga kukamatwa. Waachie raia, na wapo wengi walio tayari. Usijaze kamwe fomu ya kujiandikisha kupiga kura, hata mtu akikubembeleza kwenye meza ya uandikishaji. Kudai uraia usio nao kunaweza kukufungia mlango wa makaratasi maisha yote. Kazi nyingine zote ziko wazi kwako.

Filimbi, simu, na uvumi

Operesheni kubwa ya uhamiaji ilipoanza Chicago Septemba 2025, filimbi zilisambaa mitaani. Majirani walizigawa madukani na shuleni, na kila mtaa ukakubaliana alama zake. Zilifanya kazi kwa sababu hazihitaji betri wala akaunti, na kwa sababu mtu mzima na mtoto wote wanaweza kupuliza.

Lakini uvumi nao unaumiza. Ujumbe mmoja wa uongo kwenye WhatsApp unatosha kufunga maduka ya barabara ya 26 kule Little Village kwa siku nzima, na muuza matunda anarudi nyumbani bila kitu. Kanuni yetu ni kwamba hakuna anayetuma kitu ambacho hajakiona kwa macho yake. Akituma, aseme ni wangapi, wanafanya nini, wako kona ipi, sare au magari yana maandishi gani, na saa ngapi. Mtu mwingine aende kuthibitisha kabla ujumbe haujaenda kwa wote. Anayerekodi video asimame mbali, asizuie kazi ya maafisa, asimwonyeshe uso jirani anayekamatwa bila ridhaa ya familia.

Mtu akikamatwa, saa za mwanzo ni za kazi za karatasi. Illinois ilipiga marufuku kaunti zake kukodisha jela kwa uhamiaji, kwa hiyo anaweza kuwa amefikishwa Indiana, Wisconsin au mbali zaidi kabla ya kesho. Kwenye tovuti ya ICE, idara inayokamata watu wa uhamiaji, ya kutafuta walio kizuizini unaingiza namba yake ya A, yaani namba ya faili lake la uhamiaji, na nchi aliyozaliwa, au jina na nchi. Walatino wengi wana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na afisa anaweza kuwa ameandika moja tu, ameyaunganisha, au ameyageuza. Usipompata, jaribu kila mpangilio kabla ya kuiambia familia kwamba hayumo. Ndiyo maana tunawashauri watu mapema waweke bahasha nyumbani: nakala ya namba ya A, majina kama yalivyo kwenye hati, dawa anazotumia, namba ya wakili, na fomu ya Illinois ya ulezi wa muda mfupi inayomruhusu ndugu au rafiki kumlea mtoto hadi siku 365. Kuijaza fomu hiyo kunamliza mzazi. Kaa naye wakati anaijaza.

Sisi tuingie vipi

Utaulizwa, na watu wetu na wao, kwa nini unajiingiza. Uwe na jibu la kweli. Langu ni kwamba sheria inayomzuia polisi kumkabidhi mtu wa Durango kwa uhamiaji ndiyo hiyo hiyo inayomzuia kumkabidhi mtu wa Dodoma au Bukavu. Na historia ya huku inaonyesha hivyo. Mgomo wa zabibu wa Delano ulianzishwa Septemba 1965 na Wafilipino, wakiongozwa na Larry Itliong. Wameksiko wa Chávez na Huerta wakajiunga siku chache baadaye, ingawa wenye mashamba walikuwa wamezoea kuwagombanisha. Ilichukua miaka 5 kupata mikataba. Hapa Chicago, Harold Washington alichaguliwa meya wa kwanza Mweusi mwaka 1983 kwa kura za Weusi na Walatino, na aliyefanya kazi kubwa ya kuwaunganisha ni Rudy Lozano, mwandaaji wa wafanyakazi aliyeuawa mwaka huo huo. Maktaba ya Pilsen, mtaa wa Walatino hapa Chicago, ina jina lake. Mwaka 1985 Washington alitoa amri ya kuzuia idara za jiji kuwauliza watu uraia wao.

Kwa hiyo njoo na watu wako. Chama cha kufa na kuzikana, kwaya, kikundi cha akina mama, msikiti. Watu 15 wa jumuiya moja wakikaa mstari wa pili kwenye mkutano wa Walatino, diwani anahesabu upya. Lakini kipaza sauti hakiwi chako. Mwenye shida ndiye anayezungumza.

Siku ya kukutana na diwani

Mwalike aje kwenu, msiende ninyi kwake kama kuna namna. Baraza la Chicago lina madiwani 50, na kila mmoja anajua kuna watu wangapi wa kata yake chumbani. Kamati iketi wiki moja kabla na kufanya majaribio: nani ataendesha, nani atatoa ushuhuda wa dakika 2, nani atauliza, nani atashika saa, nani atamkatiza kwa heshima akianza hotuba. Swali liwe la ndiyo au hapana, na lisomwe kutoka kwenye karatasi: "Je, utapigia kura pendekezo hili kamatini?" Akijibu kwa kuzunguka, mwulizaji asirudi kukaa. Asome tena swali lile lile. Nimemwona mama wa watoto wanne, msafishaji wa hoteli, akilisoma swali kwa mara ya tatu kwa sauti ile ile ya upole, ukumbi ukiwa kimya, mpaka neno likatoka.

Mkutano uwe kwa Kihispania, na vifaa vya kusikilizia tafsiri apewe diwani. Hili si dogo. Siku zote ni hawa watu ndio wanaovaa vifaa masikioni na kucheka sekunde tano baada ya wengine. Mkalimani awe mtu mzima aliyelipwa au aliyejizoeza. Msimtumie mtoto, maana atalazimika kutamka kwa mdomo wake hofu za mama yake. Waandishi wa habari wakija, mtu mmoja wa kamati awasimamie, na aulize ridhaa ya kila anayepigwa picha siku hiyo hiyo, hata kama wiki iliyopita alikubali. Kama mkutano uko kanisani au kwenye shirika lisilotozwa kodi, mnaweza kudai sheria au pendekezo, ila msimpigie debe mgombea.

Kabla watu hawajavaa makoti, kamati ibaki robo saa. Kila mmoja aseme anavyojisikia kwa neno moja, kisha mjadili: diwani ameahidi nini hasa, kwa maneno gani, nani ameyaandika? Nani alizungumza leo kwa mara ya kwanza? Huyo apewe kuendesha kikao kijacho, na mtu wa kumsaidia kujiandaa achaguliwe hapo hapo. Nani alisema atakuja na hakuja? Apigiwe simu kesho jioni na mtu aliyemwalika, kumuuliza kama mambo nyumbani ni salama.